Aliyejibu Moja

Shahidi aliyemponza Lugembe alikuwa ng'ombe jike mwenye mabaka, na Alhamisi asubuhi, Sajenti Tufaha Ghalibu alipofika Itundalo, shahidi huyo alikuwa amefungwa kwenye mti nje ya ofisi ya kijiji, anacheua kana kwamba hakuna lililotokea.

Shingoni alivaa mkanda mpana mweusi, na juu ya mkanda kulikuwa na kiboksi kidogo chenye kioo cha kunasa jua. Watu wa huko waliita kifaa hicho kengele bubu. Hakilii ng'ombe anapotembea, lakini kila saa kinatuma habari mjini kwamba ng'ombe yuko mahali fulani. Akivuka mipaka aliyowekewa, simu ya mwenye mifugo inapata ujumbe. Mwenye mifugo akijibu kwamba ameibiwa, ramani inaingia moja kwa moja kwenye simu ya kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Kwa miezi minane, tangu vifaa hivyo viletwe, hakuna aliyeibiwa hata ndama Itundalo. Watu walikuwa wameanza kulala usingizi wa kweli.

Kisha Jumatano, kabla ya jua kuchomoza, ramani iliwapeleka sungusungu nyumbani kwa Lugembe. Walimkuta na ng'ombe watano wa mzee Nestory zizini. Walimpiga kwa marungu mpaka akafa mbele ya mlango wake.

"Hii kesi imejieleza yenyewe, afande," alisema Koplo Raymundi, ambaye alikuwa amehamishiwa Tabora mwaka uliopita na bado aliamini kuna kesi zinazojieleza. "Mwizi tunaye, kaburi linamsubiri. Wauaji ni kijiji kizima. Tutamkamata nani?"

"Kamata kalamu kwanza," Tufaha alisema.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na minane, mwenye mtandio wa kijivu na macho ya watu wasiopenda kuharakishwa. Alizaliwa mjini Tabora katika ukoo wa Waarabu wauza ngozi, na alikua akicheza juu ya mafurushi ya ngozi zilizokaushwa. Mambo ya ng'ombe aliyajua tangu hajajua kusoma, ingawa wanakijiji walimtazama kama mtu aliyepotea njia akielekea dukani kwake.

Mjane wa Lugembe, Kabula, walimkuta kizingitini na watoto watatu. Mchanga ulikuwa umemwagwa mahali damu ilipokuwa, na kuku walikuwa wanauchakura. Tufaha aliwafukuza kuku kabla ya kusalimia.

"Mwangaluka, mama. Pole."

"Mwangaluka." Kabula hakuinua uso. "Kama mmekuja kutuhamisha, siku bado. Wamenipa mpaka Jumamosi saa sita mchana."

"Nani kakupa?"

"Baraza la sungusungu. Wanasema familia ya mwizi haikai Itundalo. Na mume wangu hawataki azikwe hapa. Nikikutwa Jumamosi baada ya saa sita, nyumba wanaichoma."

"Utakwenda wapi?"

"Kwetu ni Usinge. Lakini nitawaambia nini? Nitafika na watoto wa mwizi, na maiti ya mwizi." Hapo ndipo alipoinua uso. "Lugembe hakuiba, afande. Najua kila mke wa mwizi anasema hivyo."

Tufaha alikaa chini, kwenye kigogo. "Niambie ulichokiona. Ulichofikiria nitakuuliza baadaye."

Alichokiona Kabula hakikuwa kingi. Jumatatu jioni, jua likiwa bado juu, alirudi kutoka kwenye shamba la karanga akakuta ng'ombe watano wageni zizini. Mumewe alikuwa anawapa maji. Alipouliza, Lugembe alimjibu: ni mali ya mtu, usiulize na usisimulie. Jumanne alikamua yule wa mabaka, watoto wakanywa maziwa. Jumatano alfajiri simu ya Lugembe ikaita.

"Saa ngapi?"

"Jogoo wa kwanza alikuwa ameshawika. Aliongea kidogo sana. Alisema, 'Ndiyo, baba. Sawa. Nitasubiri.' Basi. Akavaa shati lake la kanisani, akatoa kigoda nje, akakaa."

"Hakukimbia?"

"Hapo ndipo akili yangu inapokwama. Filimbi zilikuwa zinasikika kutoka mbali. Nikamwambia, Lugembe, wanakuja huku. Akaniambia niingie ndani na watoto, kuna mtu anakuja kuyamaliza." Sauti yake ilikatika, akaimalizia kwa nguvu. "Hakuja mtu."

"Baba yake yuko hai?"

"Alishakufa zamani. Kila mwanaume mzee yeye alimwita baba."

Tufaha aliandika namba ya simu ya marehemu. Simu yenyewe ilikuwa imepondwa pamoja na mwenyewe.

Raymundi aliita kutoka zizini. Alikuwa amesimama kwenye ua wa miiba, ameridhika na nafsi yake. "Afande, tazama. Zizi limepanuliwa. Hii miiba ya upande huu imekatwa karibuni."

Tufaha alivunja tawi moja. Majani yalikuwa yamekauka kabisa, yanamomonyoka vidoleni. "Wiki, au zaidi."

"Basi alijiandaa. Na hizi hapa, kamba mpya tano. Alinunua kamba tano kwa ng'ombe watano! Huyu alipanga. Mimi namtaka mtu mmoja anaitwa Uwesu, ana Fuso la kubeba ng'ombe. Juzi Jumapili walionekana naye mnadani Igalula, wananong'ona."

Tufaha alikuwa ameinama chini ya kibanda cha ndama, akatoa chupa ya plastiki iliyobaki nusu. Aliinusa, akaifunga. Ilikuwa dawa ya minyoo ya ng'ombe.

Uwesu walimpata saa nane mchana karibu na stesheni ya Igalula, anapakia mbuzi. Alikuwa mtu mnene, mwenye jasho na maneno mengi. Alipoona sare ya Raymundi alianza kujitetea kabla hajashtakiwa.

"Mimi ng'ombe wa Lugembe siwajui! Leseni ninayo, vibali ninavyo, afande, ingia ndani ya gari uangalie!"

"Mlinong'ona nini Jumapili?" Raymundi alimuuliza.

"Kunong'ona! Mnadani nani ananong'ona? Aliniuliza nani anauza dawa ya minyoo isiyochakachuliwa. Nikamwonyesha. Akanunua na kamba. Nikamtania, Lugembe, una ng'ombe wawili, kamba tano za nini, unataka kujinyonga mara tano?" Uwesu aliishia hapo, akajifuta uso. "Mungu anisamehe. Sikujua."

"Akasemaje?"

"Akasema anapata wageni, na mgeni anapokelewa akiwa msafi."

Njiani kurudi, Raymundi alishika usukani kwa hasira. Tufaha alimwachia kilomita mbili za kununa.

"Raymundi, ukiiba ng'ombe unamfanya nini?"

"Namuuza haraka. Namchinja."

"Unampa dawa ya minyoo kwanza?"

Koplo alipunguza mwendo.

"Ng'ombe aliyenyweshwa dawa nyama yake hailiwi mpaka siku zipite," Tufaha alisema. "Mwenye bucha yeyote mnadani anajua. Lugembe aliwanywesha dawa kwa sababu walikuwa wanakuja kukaa. Miezi, pengine miaka."

"Kwa hiyo ni nani kawaleta?"

"Mtu aliyeitwa baba."

Kamanda wa sungusungu, Emilian, aliwapokea kwenye godauni la tumbaku, ndipo ofisi yake ilipokuwa. Alikuwa mwanaume wa miaka hamsini na tano, mpole wa sauti, mzee wa kanisa. Tufaha alimwamkia, naye aliitikia marahaba kwa heshima zote. Alijibu kila swali bila kutetemeka, na hilo lilimuudhi Tufaha kuliko uongo.

"Afande, zamani tulikuwa tunafuata nyayo, tunabishana, tunakosea. Huyu anasema zimeelekea mtoni, huyu anasema mlimani. Sasa simu haina undugu na mtu. Simu haipewi rushwa. Ilisema ng'ombe wa Nestory wako kwa Lugembe, tukaenda, tukawakuta. Uongo uko wapi?"

"Uongo haupo. Mlimuuliza aliwapataje?"

"Tulimuuliza, kwa amani kabisa. Akakataa kusema."

"Alikaa kimya?"

Emilian alisita kwa mara ya kwanza. "Alisema, 'Muulizeni mwenyewe.' Mara tatu. Watu wakaona ni dharau."

"Mwenyewe alikuwepo?"

"Sylvester alikuwepo, mtoto wa mzee Nestory. Ndiye aliyepiga filimbi."

"Ng'ombe ni wa Sylvester?"

"Ng'ombe ni wa mzee. Sylvester ndiye mwenye simu yenye ramani."

"Kwa hiyo mwenyewe hamkumuuliza."

Emilian alitazama nje, kwenye jua. "Mzee hakutoka siku ile. Walisema anaumwa."

"Na nani alipiga wa kwanza?"

"Kijiji kizima, afande," alisema Emilian, na upole ukamrudia. "Andika hivyo tu. Kijiji kizima."

Ijumaa asubuhi Tufaha alikuwa mjini Tabora, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko, ambako mradi wa vile vifaa ulikuwa na kompyuta mbili na feni moja mbovu. Fundi wa mradi aliitwa Ridhaa, binti wa miaka ishirini na sita. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amesikia.

"Dada Tufaha, mfumo wetu haukukosea," alisema, kama mtu aliyekesha akilihesabu jambo hilo upya. "Nimekagua mara kumi."

"Sijasema umekosea. Nionyeshe Jumatatu."

Vidoti vyekundu vilijipanga kwenye ramani. Ridhaa alivifuata kwa kidole. Jumatatu mchana ng'ombe walikuwa malishoni kwa mzee Nestory. Saa kumi na dakika kumi na mbili jioni wakavuka mpaka. Wakaenda polepole mpaka kwenye lambo, wakasimama hapo karibu nusu saa, wakaendelea hadi kwa Lugembe.

"Mwizi gani anaswaga ng'ombe jua likiwaka, halafu anawanywesha maji njiani?" Tufaha aliuliza. "Na kwa nini filimbi haikulia Jumatatu, ililia Jumatano?"

"Kwa sababu Jumatatu tuliuliza, tukajibiwa."

Tufaha aliacha kuandika.

"Ng'ombe akitoka, mfumo unatuma ujumbe kwa mwenye mifugo," Ridhaa alieleza. "Jibu moja kama unajua walipo. Jibu mbili kama umeibiwa. Namba ya kwanza ni ya mwenye mali mwenyewe, mzee Nestory. Ana kasimu kale kadogo ka vitufe. Asipojibu kwa dakika kumi na tano, ndipo tunamuuliza wa pili, Sylvester. Jumatatu mzee alijibu haraka sana. Alijibu moja, na ikijibiwa moja ramani haimfikii mtu mwingine."

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua. Lakini ruhusa haidumu, dada. Inakaa saa thelathini na sita, basi. Tuliweka hivyo ili mwizi akimlazimisha mtu kujibu moja, mfumo uulize tena. Jumatano saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri ulimuuliza mzee tena. Hakujibu. Dakika kumi na tano zikapita, ukamuuliza Sylvester. Akajibu mbili." Alishusha kidole kutoka kwenye kioo. "Saa kumi na dakika ishirini na tisa."

"Mlimweleza mzee kwamba ruhusa inaisha?"

"Tulieleza kwenye mafunzo. Kwa vipeperushi." Ridhaa alianza kulia. "Hajui kusoma. Tulimfundisha tarakimu tu, moja na mbili. Alifurahi sana siku ile."

Tufaha hakuwa hodari wa kubembeleza. Alimsogezea glasi ya maji, akasubiri, kisha akamwomba achapishe karatasi zote na azisaini.

Alilijua sasa lililotokea, na alilijua kwa sababu ya ukoo wake. Babu zake waliishi Kwihara enzi za misafara, na kazi yao kubwa haikuwa kuuza bali kutunza amana: mtu anakuachia mali yake, anakwenda zake, nawe hulisemi jina lake mpaka arudi. Wafugaji wa huku nao walikuwa na desturi yao ya namna hiyo. Mtu mwenye akili hakai na ng'ombe wake wote zizini kwake. Anawapeleka watano kwa rafiki, wanne kwa mwingine, kimyakimya. Ugonjwa ukija hauwamalizi. Ndugu wakija kuomba hawawaoni. Anayewatunza anapata maziwa na mbolea, na siri inakuwa sehemu ya kazi. Mtunzaji anayesema ni mtu asiye na thamani.

Na Lugembe alikuwa na thamani.

Mzee Nestory walimkuta peke yake, saa tisa alasiri, amekaa kivulini mwa ukuta wa nyumba yake ya bati. Wanawe walikuwa shambani. Hakuonekana mgonjwa, ila hakuwa amenyoa, na chakula kilikuwa mbele yake kimefunikwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuhusu wale ng'ombe. Nashukuru wamepatikana."

"Naomba nione simu yako."

Aliitoa mfukoni taratibu. Tufaha alifungua orodha ya simu zilizopigwa. Haikuwa ndefu, mzee hakuwa mtu wa kupiga. Namba ya pili kutoka juu ilikuwa ile aliyopewa na Kabula. Jumatano, saa kumi na dakika arobaini na moja alfajiri.

Alimwonyesha Raymundi. Kisha akaigeuza simu kumwelekea mzee, ingawa hakuweza kuisoma.

"Ulimpigia Lugembe."

Mzee Nestory alitazama mikono yake.

"Nilijibu moja," alisema hatimaye. "Wale vijana walinifundisha. Ukijua walipo, bonyeza moja. Nikabonyeza. Nikadhani imenielewa."

"Jumatano ilikuuliza tena."

"Ilitoa mlio. Nikaiacha. Jambo nimeshalijibu, anayeuliza tena ana nini? Mtu ukimwambia jambo mara moja analishika." Alitikisa kichwa. "Nikarudi kulala. Kilichoniamsha ni filimbi ya Sylvester, hapo uani kwangu."

"Ungetoka ukamwambia."

"Ningetoka."

"Kwa nini hukutoka?"

"Wewe huna watoto wa kiume wakubwa, mwanangu." Hakusema kwa ubaya. "Sylvester aliwavisha ng'ombe wangu mikanda si kwa ajili ya wezi tu. Alitaka ajue wako wangapi. Kila mwezi anasema, baba, tuuze, tugawane, tununue trekta. Ningesema wale watano niliwaweka kwa Lugembe, angejua nina mazoea. Angeuliza wengine. Wako wengine, kwa watu wengine. Tisa."

"Ukampigia Lugembe ukamwambia nini?"

Mzee alisogeza pembeni chakula kilichofunikwa.

"Mkewe alimsikia akijibu," Tufaha alisema. "'Ndiyo, baba. Sawa. Nitasubiri.' Alikuwa anasubiri nini?"

"Nilimwambia asinitaje. Nilimwambia nakuja, nitazungumza na Emilian pembeni, kiutu uzima, yaishe." Alielekeza kidole getini. "Nilivaa hadi viatu. Nilifika pale getini. Nikawaona wanaume wote barabarani, na Sylvester mbele. Nikasema moyoni, watampiga fimbo mbili tatu, watamfunga, mchana nitakwenda. Hawajawahi kumuua mtu wa hapa hapa."

"Alipigwa nusu saa," Tufaha alisema. Hakujaribu kuificha hasira. "Aliulizwa mara tatu. Angekutaja mara moja tu angekuwa hai. Alikutunzia amana yako mpaka wakamvunja kichwa, na wewe ulikuwa getini umevaa viatu."

Mzee alijifunika uso. Raymundi alitazama pembeni.

"Mimi sikumpiga mtu," Nestory alisema kutoka nyuma ya viganja. "Utanishtaki kwa lipi?"

"Hilo atalisema mwanasheria wa serikali, na atachukua wiki. Mjane hana wiki. Kesho saa sita anafukuzwa kama mke wa mwizi. Faili langu halisomwi kwenye baraza la sungusungu, na hata nikilisoma watasema Mwarabu wa mjini kaandika. Watakusikia wewe."

"Na nisipokwenda?"

"Hao wanaokutunzia wale tisa watasikia tu kilichompata Lugembe, na watasikia ulikuwa getini. Nani kati yao atakubali kulala tena na ng'ombe wako zizini? Watakurudishia mchana kweupe, wakiwaswaga katikati ya barabara, Sylvester akihesabu." Alisimama, akatia simu kwenye mfuko wa vielelezo na kumwandikia stakabadhi. "Lakini usiende kwa ajili hiyo. Nenda kwa sababu alikuita baba."

Mzee hakuahidi chochote. Waliondoka bila kujua kama atakwenda.

Jumamosi saa tano na nusu uwanja mbele ya godauni la tumbaku ulikuwa umejaa. Wanaume walikaa mbele, marungu yamelazwa miguuni, kama sheria yao ilivyotaka. Kabula alisimama pembeni na watoto, na mkokoteni wa punda uliokuwa na magunia mawili, sufuria, na jembe. Alikuwa amefunga mizigo usiku kucha. Hakutaka, alimwambia Tufaha, watu waje kumtolea vitu nje.

Tufaha alisoma karatasi za Ridhaa, moja baada ya nyingine. Walisikiliza kwa adabu. Alipomaliza, kijana mmoja akasema kompyuta inaweza kuandikwa chochote. Tufaha alikumbuka kwamba siku tatu tu zilizopita kompyuta hiyo hiyo haikuwa na uwezo wa kusema uongo, akazikunja karatasi.

Saa sita kasoro dakika kumi Emilian alitazama saa yake. Kabula alianza kumfunga punda.

Mzee Nestory alikuja akitembea kwa fimbo, katikati ya barabara, amevaa koti. Watu walimpisha. Hakuketi.

"Wale ng'ombe niliwapeleka mwenyewe," alisema. "Jumatatu, mchana, kwa mkono wangu. Nilimpa Lugembe anitunzie. Hakuiba. Nilimwambia asinitaje, akanisikia." Sauti ilimpotea, akaitafuta. "Mlipokuwa mnapita kwangu na filimbi, nilikuwa nimesimama getini. Nilijua mnakwenda kwa nani. Sikusema."

Emilian aliinuka nusu, akakaa tena. Wanaume walianza kutazama chini, kila mmoja kwenye rungu lake.

Sylvester ndiye aliyesimama. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mbili, filimbi bado shingoni. Tufaha alidhani atalia, au atamrukia baba yake. Alichouliza ni hiki:

"Wengine wako wapi?"

Mzee alimtazama mwanawe, akageuka, akaondoka kwa njia aliyojia.

Emilian alitangaza kwa sauti ya chini kwamba amri imefutwa. Nyumba ni ya Kabula. Marehemu azikwe kwake, kijiji kitachimba kaburi.

"Sasa naomba majina," Tufaha alisema. "Waliompiga."

Alimgeukia Emilian.

"Kamanda?"

"Kijiji kizima, afande," Emilian alisema, lakini safari hii bila upole wowote, kama mtu anayesoma maneno aliyoyakariri.

Raymundi alizunguka na daftari hadi saa nane. Kila mwanaume alikuwa nyuma, kila mmoja alifika yakiwa yameshakwisha. Ukiwaamini, Lugembe alikuwa amekufa bila kuguswa na mtu.

Tufaha alimsindikiza Kabula nyumbani. Walishusha magunia, wakamfungua punda, watoto wakaingia ndani. Kabula alifagia kizingiti, halafu akakaa pale pale. Kwa siku nne hakuna aliyekuja kulia naye. Katika vijiji vile mwizi haliliwi, na anayekwenda kumlilia naye anatazamwa.

Sasa walikuja. Walitokea kwenye njia ya mashambani wakiwa kundi, wanawake ishirini au zaidi, wenye unga, wenye kuni, wenye ndoo za maji, khanga zimefungwa kiunoni. Walikuwa wameanza kuomboleza kabla hawajafika. Mbele alikuwa Flavia, mke wa kamanda Emilian, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kwaya, kichwani ana beseni la unga.

Kabula alisimama mlangoni. Hakusogea.

"Kabula, mdogo wangu," Flavia alisema huku machozi yanamtoka kweli. "Tumekuja kulia na wewe."

"Nimeona, dada. Mume wako alikuwepo?"

Kilio kilikatika nyuma yake, sauti moja baada ya nyingine.

"Tumekuja msibani, jamani," mmoja alisema kutoka katikati. "Hayo ni ya wanaume."

"Karibuni msibani," Kabula alisema. "Anayeingia kulia kwangu aniambie kwanza. Mume wako alikuwepo?"

Tufaha, aliyekuwa amekaa kwenye kigogo, alitoa daftari mfukoni bila kutikisa mwili. Hakumtazama mtu.

Flavia alilishusha beseni kutoka kichwani, akalishika mbele ya tumbo. Aligeuka nyuma kuangalia wenzake, akaangalia mchanga uliochakurwa na kuku. Angeweza kuondoka. Wote wangemfuata.

"Alikuwepo," alisema.

"Alimpiga?"

"Alirudi saa moja asubuhi, akavua shati, akaniambia nilifue kabla watoto hawajaamka." Alilikumbatia beseni. "Nililifua mara mbili."

Kabula alisogea upande mmoja, na Flavia akainama, akapita ndani na unga wake. Tufaha aliandika jina la kwanza.

Mwanamke wa pili, mwenye mzigo wa kuni, alisogea mlangoni.